Karai la Wanga wa Muhogo

Kama ulisoma katika shule yetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, miaka ile bendera ilipobadilishwa, basi mtu huyu alikufundisha na huna haja ya kuambiwa jina lake. Kama hukusoma pale, jina halitakusaidia. Walimu wengine wote walikuwa na majina. Huyu alikuwa Mwalimu tu. Hata mkewe alimwita hivyo, siku za kumpenda na siku za kumkasirikia, nami niliyeishi ng'ambo ya ua wake wa michongoma sijawahi kumwita vinginevyo.

Yeye naye hakuniita Jerida. Aliniita "msichana wa jirani". Nikaanza kazi ya kupiga chapa katika ofisi za mkoa, nikazaa, nikaota mvi, na bado tukikutana barabarani alisema, "Mulembe, msichana wa jirani," akawa ameshapita kabla sijaitikia. Alitembea ameinama mbele kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Kaptula yake ya kaki ilipigwa wanga hadi ikakauka kama ubao. Truphosa, binti yake na rafiki yangu wa tangu kunyonya, alikuwa akiniapia kwamba jioni baba yake huivua na kuiacha imesimama kando ya kitanda, inamngoja asubuhi.

Shule haikuwa na maabara. Ilikuwa na kabati moja lenye kioo kilichopasuka, na ndani yake kipimajoto ambacho tuliruhusiwa kukitazama lakini si kukigusa. Mkaguzi mmoja, Mzungu wa mwisho mwisho kabla hawajafungasha, aliuliza vifaa vya sayansi viko wapi. Mwalimu akafungua kapu, akatoa sufuria. Mkaguzi alicheka, akidhani ni utani. Mwalimu hakucheka.

"Nairobi wako na vifaa," alitwambia mkaguzi alipoondoka. "Sisi tuko na jikoni. Mnadhani sayansi inaogopanga moshi?"

Somo lake kubwa lilikuwa la vyakula vinavyomiminika. Alipanga mezani maji, asali iliyotoka msitu wa Buyangu, uji wa mtama uliochanganywa na muhogo, mrenda uliopikwa na mkewe asubuhi hiyo, na karai la wanga. Maji na asali aliviita wenye adabu. Asali ni nzito, maji ni mepesi, lakini kila kimoja kina uzito wake na hakiubadilishi, ukikikoroga kwa hasira au kwa upole. Vile vingine aliviita wenye tabia. Tabia yao hubadilika kulingana na unavyowagusa. Uji ukiachwa unatulia na kuwa mzito, unaweza kusimamisha kijiko. Ukikorogwa unalegea na kuingia kikombeni bila matata, na ukiachwa tena unarudi ulivyokuwa. Sosi ya nyanya, ile ya chupa kutoka duka la Mhindi, nayo ni hivyo hivyo: unaiinamisha, inakataa, unaipiga tako, inatoka yote kwa pamoja. Alituonyesha hilo siku moja mkuu wa shule akiwa amesimama karibu mno, na tai ya mkuu wa shule haikuwahi kuwa nyeupe tena.

Mrenda aliuonea fahari kama mtu aliyeuvumbua. Aliuchota kwa kijiko, akauinua hadi usawa wa macho, uzi wake ukaning'inia kutoka kijikoni hadi sufuriani. Kisha akaukata kwa makasi ya mkewe, na ule uzi, badala ya kuanguka kama maji, ukajivuta na kurudi kijikoni. Darasa zima lilishangilia. Mrenda tulikuwa tukila kila jioni ya maisha yetu, umelainishwa kwa musherekha, yale maji tunayochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, na hakuna aliyewahi kuutazama.

Lakini tulichokingoja ni karai. Wanga ule aliutengeneza mwenyewe. Alikuna muhogo, akaukamua kwa kitambaa, akaacha yale maji yatulie mpaka unga mweupe ukatuama chini, akamwaga maji ya juu na kubakiza kidogo tu. Ukiutazama, ni kama maziwa mazito. Ukiupiga ngumi, ngumi inagota kama umepiga ukuta wa udongo. Ukiulazia kidole, kidole kinazama. Ukikitoa taratibu, kinatoka. Ukikivuta kwa ghafla, unashikwa.

"Uliza kwa kidole," alisema kila mara. "Usiulize kwa ngumi."

Maneno mazuri. Mimi hadi leo nikifungua droo iliyokwama huyakumbuka. Shida ni kwamba yalitoka kinywani mwa mtu aliyeuliza kila kitu kwa ngumi. Akikuuliza swali darasani na ukachelewa kidogo, alilijibu mwenyewe, kisha akakukasirikia kwa kutojibu. Milango ya nyumba yake ilikuwa inaishi maisha mafupi. Na uji, uji huohuo aliotufundisha kuungojea, alijichoma nao karibu kila asubuhi. Sisi ng'ambo ya ua tulimsikia akivuta pumzi kwa meno, halafu sauti ya mkewe, ambaye tulimwita Mama kama Truphosa alivyomwita: "Mwalimu, uji haukimbii."

Nisimwonee. Alikuwa na huruma nyingi kuliko walimu wote wapole wa shule ile. Mtoto aliyeanguka na homa darasani alimpakia kwenye baiskeli na kumkimbiza hospitali, akipiga kengele njia nzima. Na mtoto aliyemfokea asubuhi, jioni alimkuta Mwalimu amesimama langoni kwao na kipande cha muwa. Alimpa, akaondoka. Hakusema kwa nini. Kuomba msamaha hakukujua. Alijua kuleta muwa. Tulizoea, hata tukawa tunapima ukubwa wa kosa lake kwa urefu wa muwa, na kwa watoto ilitosha.

Uhuru ulipokuja alikuwa mtu wa matumaini makubwa. Wengine waliongea juu ya mashamba na vyeo. Yeye aliongea juu ya watoto wa Kakamega ambao wangesoma sayansi kwa kuanzia vyungu vya mama zao, waje wajue kwa nini kila kitu jikoni kinafanya kinachofanya, na wasiogope kitu chochote tena. Uchawi ulimchukiza. "Hakuna uchawi," alisema kanisani, akiwa mzee wa kanisa na kwa hiyo ana ruhusa ya kusema. "Kuna tabia ambazo bado hatujauliza." Watu waliitikia amina, kisha wakaenda nyumbani wakaendelea kuogopa walivyokuwa wakiogopa.

Truphosa alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa na macho ya mama yake na ukaidi wa baba yake, wote, haukupunguzwa hata chembe. Alipata mchumba, kijana mtulivu aliyekuwa karani wa kilimo, na hakuwa amelazimishwa na mtu: alimpenda. Najua kwa sababu nilisikilizishwa habari za kijana huyo mpaka nikachoka naye kabla sijamwona. Mashamba ya Wazungu kule Lugari yalikuwa yamegawanywa, na baba wa kijana alikuwa amepata lake karibu na Lumakanda, akapanda mahindi hadi karibu na mlango. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na sasa pia wa shamba.

Siku wakwe walipokuja kuzungumza mambo ya ng'ombe wa mahari, mimi nilikuwa miongoni mwa wasichana wa kuwanawisha wageni mikono. Kwa hiyo nilikuwa ndani, na niliyaona kwa macho yangu.

Mzee wa Lumakanda alikaa kwenye kiti kikubwa, amevaa koti jeusi la kanisani. Pembeni yake alikaa dada yake, yule senge wa kijana, mwanamke mkavu aliyekuja na kazi moja tu, kuitazama nyumba. Kijana alikaa karibu na mlango akitazama viatu vyake. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Lililobaki ni kula. Kwetu kula si jambo la mwisho la siku, ndilo lenyewe. Wageni wakila ingokho, kuku wa boma lako, mzee wao akakabidhiwa firigisi, mmekuwa watu wamoja. Wakiondoka bila kula, hakuna haja ya kutumiana maneno mengine.

Sasa kuni zilikuwa zimelowa mvua ya usiku, na kuku alikuwa hajaiva. Wageni wakaanza kuutazama mlango wa jikoni. Mzee wa Lumakanda, kwa nia njema kabisa, akatafuta mzaha.

"Mwalimu," akasema, "nasikia hapa watoto wanafundishwanga kucheza na chakula."

Watu wakacheka. Mwalimu pia alicheka, lakini nilimwona masikio yakisimama. Akainuka. "Mzee, si kucheza. Ngoja nikuonyeshe." Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na karai.

Mama aliliona kutoka jikoni kupitia ufa wa mlango. Na hapa ndipo mtu asiye wa kwetu hataelewa kwa nini hakuingia tu na kulichukua. Kijana yule alikuwa mkwe wake mtarajiwa, na mama mkwe haingii chumba alichokaa mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Hiyo ni heshima ya zamani kuliko kanisa na shule, vyote viwili. Basi alisimama pale na mwiko mkononi, hatua chache kutoka kwa mumewe. Akanivuta mkono. "Jerida, mwambie alirudishe. Mwambie mimi nimesema." Nilikwenda nikainama, nikamnong'oneza Mwalimu sikioni.

"Dakika moja tu," akasema, bila kunitazama.

Na ukweli ni kwamba ilianza vizuri. Mzee alialikwa apige, akapiga, ngumi ikagota, akashangaa, akapiga tena. Akacheka kicheko kikubwa kilichotikisa vikombe. Wazee wengine walisogea. Hata kijana aliinua macho kutoka kwenye viatu. Kama Mwalimu angeishia hapo, nadhani wangekwenda kuisimulia Lumakanda yote kwa furaha.

"Sasa weka mkono taratibu," Mwalimu akasema. "Ulaze tu."

Mzee akaulaza. Mkono ukazama wote, hadi kwenye kifundo. Ulikuwa wanga baridi, mzito, umemkumbatia kila kidole. Uso wake ukabadilika. Dada yake akasema kitu kwa sauti ya chini, sikukisikia. Mzee akashtuka na kuuvuta mkono kwa nguvu zake zote.

Wanga ukamshika. Karai likainuka mezani pamoja na mkono. Mtu mzima, mwenye shamba, baba wa bwana harusi, amesimama katikati ya nyumba ya wakwe zake, karai linaning'inia mkononi, na kadiri alivyolitikisa ndivyo lilivyomng'ang'ania.

"Usivute!" Mwalimu akapaza sauti. "Nimesema taratibu! Husikii? Ta-ra-ti-bu!"

Ilikuwa sauti ya darasani. Ilikuwa sauti ileile aliyotutolea sisi tuliposahau kipimajoto hupima nini, ile ambayo baadaye huja na muwa. Mzee akaacha kuvuta kwa sababu alikuwa ameduwaa, na hapo wanga ukalegea, karai likaanguka, na ule weupe ukamwagika polepole kwenye koti lake jeusi, kutoka tumboni hadi magotini.

Senge akasimama. "Nyumba gani hii inashikanga watu mikono?" akasema, na kwa sauti ya chini zaidi, "halafu inawafokea."

Waliondoka. Kuku alikuwa anakaribia kuiva, harufu yake ilikuwa imejaa nyumba. Kijana aligeuka mara moja langoni, kisha akamfuata baba yake, kwa sababu alikuwa kijana mtulivu na watulivu hufuata. Truphosa alikuwa chumbani amevaa gauni jipya akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Mwalimu alienda Lumakanda kesho yake kwa baiskeli, kwa mwendo wake wa kusukuma gari, na mzigo wa miwa umefungwa nyuma. Hakufunguliwa lango. Alirudi nayo. Baada ya mavuno tulisikia kijana ameozwa msichana wa jirani zao.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza zaidi ya siku yenyewe. Mwalimu alijuta. Hilo hakuna awezaye kulikana. Alikonda, akaacha kupiga kaptula wanga, akawa mtu wa nguo zilizolegea. Lakini alijutia nini? Alijutia maji. Kila aliyekaa naye aliambiwa. "Niliweka maji kidogo mno. Ningeongeza maji kikombe kimoja, mkono ungetoka." Alimwambia mkewe, alimwambia pasta, alimwambia fundi baiskeli. Alimwambia Truphosa mwenyewe, mezani, mbele yangu, akimwonyesha kwa bilauri kiasi cha maji ambacho kingemwokolea ndoa.

Truphosa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasukuma sahani yake pembeni, ikiwa haijaguswa.

"Wageni wangu waliondoka hapa bila kula," akasema. "Na mimi nitaondoka hivyo hivyo."

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Tulisahau ni mtoto wa nani. Alikwenda kusomea unesi Kisumu, akaajiriwa hukohuko, na kila alipopata likizo alikuja kuwaona wazazi wake kama binti mwema. Alileta sukari na sabuni, alimsuka mama yake nywele, alifagia uwanja. Alimsalimu baba yake kwa adabu zote. Ila hakutia kitu kinywani katika nyumba ile, hata maji. Jioni ilipofika alipenya kwenye mwanya wa ua wetu, akaja kula kwangu. Nilimpikia obusuma, ugali wetu, na mboga miaka yote hiyo. Alikula sana, maskini, kama mtu aliyeshinda shambani. Wakati mwingine tulimwona baba yake amesimama upande wa pili wa michongoma, ameshika muwa. Ulikuwa mrefu, ule muwa. Alikuwa akiuegemeza kwenye ua na kwenda zake. Asubuhi ulikuwa palepale.

Nilijaribu kusema naye. "Truphosa, ni baba yako. Ni mzee."

"Aniambie nini kilitokea siku ile," akanijibu. "Ajue tu nini kilitokea. Sitaki maji."

Nilimwelewa na nilimkasirikia, vyote kwa wakati mmoja. Mama alipougua na kufa, nilidhani matanga yatamlainisha. Watu walipikiwa masufuria kwa masufuria, jamaa wakala, majirani wakala, hata wapita njia wakala. Truphosa aliwagawia wote kwa mikono yake. Usiku wa kwanza akapenya kwenye ua na macho yamevimba, akakaa jikoni kwangu, akaomba ugali wa jana. Wakati huo nilitaka kumchapa kofi. Badala yake nilimpashia moto.

Shuleni mambo nayo yaliharibika. Habari za mkono zilisambaa hadi zikawa habari za mchawi mwenye karai linalonasa watu, na baadhi ya wazazi waliwakataza watoto wao kuligusa. Mkuu wa shule, yule wa tai, akamwambia afundishe kwa chaki. Basi akafundisha kwa chaki. Aliandika ubaoni "uji", "mrenda", "wanga", watoto wakanakili. Nilipita dirishani siku moja nikamwona amesimama ameupa ubao mgongo, mikono imelegea, hajui aiweke wapi. Mtu aliyetaka wasiogope kitu tena alikuwa amewaongezea cha kuogopa. Nadhani alilijua hilo pia.

Baada ya kustaafu alibaki peke yake. Nilimzoea kama unavyozoea mti uliokauka nusu. Alijipikia mrenda mwenyewe, mwanamume wa umri ule, na hakujali watu walisema nini. Alikuwa hapiki vizuri. Musherekha alitia mwingi, mboga ikawa chungu. Lakini niligundua kitu: alikuwa amejifunza kungoja. Alikaa juu ya kigoda cha mkewe, akautazama uji ukipoa. Hakujichoma tena. Sijui kama hiyo ni hekima au ni kukosa haraka ya kwenda popote.

Kisha kiharusi kikampata. Upande wa kulia ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Nilimpelekea chai, ikampalia, karibu imuue mikononi mwangu. Nilipeleka simu ya posta Kisumu, na Truphosa akaja na basi la asubuhi.

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda alipoingia. Alitua mkoba wake, akamtazama baba yake kinesi, kope, mdomo, mkono. Akauliza amekuwa akila nini. Nikamweleza habari ya chai.

"Maji na chai vinakimbia mno, koo lake haliviwahi," akasema. "Anataka kitu kinachokwenda polepole. Uji upo?"

Akaenda jikoni kwa mama yake. Alipika uji wa mtama na muhogo, akauacha upoe mpaka ukawa mzito, akaja nao katika bakuli la bati. Akakaa kitandani, akaanza kuukoroga kwa kijiko, mizunguko midogo midogo, akaulegeza, akausimamisha autazame, akaukoroga tena. Mwalimu alikuwa akiufuata mkono ule kwa macho. Na mimi pia. Hakuna aliyehitaji kusema amejifunza wapi.

"Truphosa," akasema.

"Usiongee, baba. Kwanza kula."

"Hapana." Akapumzika. Tulingoja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwona akichukua muda kabla ya kusema. "Maji... yalitosha. Yalikuwa sawa." Akapumzika tena. "Nilimfokea. Mzee wa watu. Ameshikwa, anaogopa, na mimi nikamfokea. Mbele ya mwanawe." Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja, ule ulio mzima. "Nikakufukuzia mume. Mimi. Si wanga."

Kijiko kiliendelea kuzunguka. Nilitazama sakafu, kwa sababu kuna mambo ambayo hata jirani wa maisha yote hapaswi kuyatazama. Lakini nilikuwa nikijiuliza, na nilijiuliza kwa uchungu: ilikuwa lazima apoteze nusu ya mwili ndipo ayaone? Laiti Mama angelikuwapo ayasikie. Yale maneno yangeweza kusemwa jioni ileile, kuku akiwa angali motoni, na yangemaliza kila kitu. Alikuwa na miaka yote hiyo na kinywa kizima.

Kisha Truphosa akainua kijiko. Akakisogeza mdomoni mwake mwenyewe, akaonja, kama nesi anavyoonja, kama mama anavyoonja, kupima joto na uzito. Akameza. Akachota kingine na kukipeleka kwa baba yake.

Mwalimu hakufungua mdomo. Alikuwa amekitazama kile kijiko kikiingia kinywani mwa bintiye na kutoka kitupu. Alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Truphosa naye akagundua alichokifanya, akabaki amekishika kijiko hewani.

"Nimeonja tu," akasema.

Mtu yule alikuwa ameishi kwa kubishana. Alikuwa na jibu kwa mkaguzi, kwa pasta na kwa mkwe. Sasa hakubisha. Alifungua mdomo, akapokea uji wake, akaumeza taratibu bila kupaliwa.

Niliwaacha. Nilikwenda kwangu, nikawasha moto, nikachemsha maji, nikasonga obusuma wa watu wawili na kukaanga mboga, kama nilivyofanya kila likizo ya miaka ile yote. Alikuwa na majuma matatu tu mbele yake, Mwalimu, lakini hilo hatukulijua bado. Jioni iliingia. Nilikaa mlangoni nikitazama mwanya wa ua. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Mwalimu, na harufu ya mrenda ilinifikia, wenye musherekha wa kiasi safari hii. Nikangoja. Truphosa hakuja. Nilikifunika kile chakula, nikakiacha mezani mpaka kikapoa.